Jina la Nani Litangulie Kwenye Kadi?

Akina mama wenzetu ambao mmekwisha kuoza binti mtatuelewa tukisema kwamba kilichotunyima usingizi katika harusi ya binti yetu hakikuwa ng'ombe wa kuchinja, wala mchele, wala gauni. Kilikuwa kipande cha karatasi. Kadi ya mwaliko yenye ukubwa wa kiganja, maneno yake hayafiki mia moja. Tulikuwa na miezi mitatu ya kujiandaa, na karibu mwezi mzima uliishia kwenye mistari miwili ya juu ya kadi hiyo.

Sisi ni wakazi wa Bendera, pembeni kabisa mwa Wilaya ya Same, kule ambako mtu akishuka kutoka milima ya Upare anakutana na joto la tambarare, na akiendelea mbele anatokea Mkomazi kwenye barabara kuu. Nyumbani kwetu mmoja ni muuguzi, mwingine ni mwalimu wa shule ya msingi. Mungu ametupa wavulana wawili wa kuzaa na binti mmoja wa kulea.

Huyo binti ni mtoto wa marehemu dada yetu. Baba yake aliondoka mwaka 2003 kwenda Mererani kutafuta tanzanite, kama walivyoondoka vijana wengi wa kwetu wakati ule. Mara mbili alituma fedha na salamu. Baada ya hapo hazikuja fedha wala salamu, na watu waliotoka huko wakatuambia ana mji mwingine. Dada akaugua, akafariki mwaka 2006. Siku ya mazishi mtoto, akiwa na miaka sita, alimshika mmoja wetu kidole tangu makaburini, hakukiachia mpaka tulipofika nyumbani. Basi akakaa. Hakikufanyika kikao cha ukoo kuamua alelewe na nani. Usiku ule alilala kwetu, na usiku uliofuata, na miaka kumi na minane ikapita.

Mwaka 2024 alikuja kijana wa Maore, mwenye adabu, fundi wa umeme. Posa ikaletwa, mahari ikazungumzwa. Hapo ndipo mambo yalipoanza, kwa sababu kwetu Upare mtoto ni wa ukoo wa baba yake, awe amelelewa wapi. Tuliwaita baba zake wakubwa kama desturi inavyotaka, wakaja, wakakaa kwenye mkeka, wakapokea kilicho chao, na mjomba naye akapata mbuzi wake. Hatukuona vibaya. Lakini wale wazee waliporudi kwao walimpigia ndugu yao simu, na juma moja baadaye ukaja ujumbe kwenye simu ya mwalimu wetu. Ulikuwa mfupi: "Kwenye kadi jina la baba mzazi litangulie. Ninyi ni walezi."

Walezi! Tulilisoma neno hilo mara nyingi usiku ule. Ni neno zuri, wala si tusi. Hata kanisani tunalitumia kwa heshima. Lakini lilivyokaa pale, baada ya "ninyi ni", lilituchoma. Tulijikuta tunahesabu: ada za shule, malaria ya mwaka ule alipokaribia kututoka, usiku wa kumsubiri matokeo ya kidato cha nne. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea, na sisi tuliurudia msemo huo mpaka ukachuja. Watani wetu husema Mpare yuko radhi auze ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tulicheka siku zote tuliposikia hivyo. Safari hii tuliona kwamba kesi ya kuku tulikuwa nayo sebuleni.

Rasimu ya kwanza tuliiandika kwa hasira. Ilisema kwamba familia ya Bwana na Bibi fulani wa Bendera, yaani sisi, inayo furaha kukualika katika ndoa ya binti yao mpendwa. Basi. Hapakuwa na baba mwingine wala mama mwingine. Tuliipeleka kwenye kamati ya harusi Jumapili baada ya ibada, tukidhani itapita kwa dakika tano ili tuendelee na hesabu za michango.

Ninyi mnaozijua kamati za harusi hamtashangaa kwamba haikupita. Kwanza watu walibishana juu ya maneno yenyewe. Mzee mmoja, mwalimu mstaafu anayependa Kiswahili cha zamani, alipendekeza tuandike kwamba familia "inamwoza binti yao". Vijana wa kwaya wakaangua kicheko, kwa kuwa wao wanajua kuoza kwa nyanya tu. Mzee alikasirika, akawaeleza kwamba mwanamume huoa, mwanamke huolewa, na mzazi huoza, na kwamba neno hilo ni la heshima kuliko hayo yao. Alikuwa na haki. Hata hivyo hatukulitumia, maana kadi ingesomwa na vijana wale wale.

Palikuwa pia na ubishi wa "harusi" au "ndoa". Tulikubaliana kwamba ndoa ndiyo ifungwayo kanisani, na harusi ndiyo shamrashamra, kwa hiyo kadi iseme ndoa itafungwa kanisani, kisha wageni wajumuike katika tafrija. Mtu mmoja akauliza kama neno "tafrija" lina chakula ndani yake, kwa kuwa watu wa Bendera hawatatoka shamba kwa ajili ya soda. Tukaandika "chakula cha pamoja".

Mstari wa Biblia nao ulitaka kutugombanisha. Mama mmoja aliuleta Ruthu 1:16, ambao tumeuona kwenye kadi nyingi mno. Tulimwomba afungue asome mwenyewe ni nani anamwambia nani. Akafungua. Ni mkwe anamwambia mama mkwe wake, na mume amekwisha kufa. Kwa kweli ni maneno matamu sana, na ingekuwa vema kila mkwe ayaseme, lakini wengi huyaweka kwenye kadi wakidhani ni ya bibi arusi kwa bwana arusi. Tulichagua Mathayo 19:6, tukaandika sura na aya tu ili kuokoa nafasi.

Siku ya ndoa ilikuwa imekwisha kupangwa, nayo ilikuwa Jumapili, tarehe 15 Septemba. Wengi waliuliza kwa nini si Jumamosi kama watu wote. Jibu ni kwamba upande wa mama wa bwana arusi ni Wasabato wa kule Mamba, ambako kanisa lao lilianza mwaka 1903, na wasingeweza kushuka milimani siku ya Sabato kuja kwenye sherehe. Sisi wa KKKT tuna ndugu Wasabato karibu katika kila ukoo wa Upare Kusini. Mchungaji alikubali kufungisha baada ya ibada, saa 8 mchana. Hilo angalau halikuleta maneno.

Ndipo Mama Mzee, bibi mzaa mama wa binti, ambaye alikaa kwenye benchi la nyuma muda wote, akauliza: "Na mwanangu mmemweka wapi?"

Kimya. Tulikuwa tumeshughulika na baba ambaye hatumtaki kwenye kadi, tukamsahau mama ambaye tunamlilia mpaka leo. Mtu mmoja akajaribu kueleza kwamba marehemu hawezi kualika watu. Ni kweli, hawezi. Mama Mzee akasema hakuuliza kama ataalika. Ameuliza yuko wapi.

Tulirudi nyumbani na rasimu yetu ikiwa imekunjwa.

Juma lile lile Mchungaji naye aliturudishia fomu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe angalau siku 21 kabla ya ndoa, na makanisani kwetu tangazo husomwa Jumapili tatu. Katika taarifa hiyo majina ya wazazi huandikwa. Tuliliacha wazi lile la baba. Mchungaji alituambia kwa upole kwamba binti wa miaka 24 hahitaji ruhusa ya baba ili aolewe, na hakuna atakayemzuia, lakini baba aliye hai ni baba aliye hai, na yeye hawezi kutangaza madhabahuni kwamba hayupo. Tukajaza. Mkono ulikuwa mzito, lakini tukajaza.

Basi tukawa na hali hii: kitabu cha kanisa kina jina la baba, kadi haina. Je, watu watakaosikia tangazo Jumapili na kusoma kadi Jumatatu watasema nini? Tuliwahi kuona jambo kama hilo katika harusi ya watu wengine, na tunakumbuka wageni hawakuongea juu ya gauni, waliongea juu ya jina lililokosekana.

Jambo ambalo hatukuwa tumelifanya, na tunalikiri kwa aibu, ni kumuuliza binti mwenyewe. Alikuwa Same mjini kazini. Alipokuja mwisho wa juma tulimweleza yote. Alijibu upesi, kama mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo siku nyingi: "Msimwandike. Baba yangu ni baba huyu hapa." Mwalimu wetu alitoka nje kwenda kuangalia kuku. Kuku walikuwa wamekwisha kulala.

Tungeishia hapo, maana jibu lilitupendeza. Lakini kulikuwa na neno la Mama Mzee. Usiku ule tulifungua sanduku la marehemu dada, ambalo tulikuwa tukilitunza mpaka siku ya binti kuolewa, ili tutoe kanga alizomwachia. Chini ya kanga palikuwa na bahasha, na ndani yake kadi ya kliniki ya mtoto, ya mwaka 2000, imechakaa kwenye mikunjo.

Hapa yule wetu wa uuguzi hana budi kusema kidogo juu ya kadi hizo. Sisi tunaofanya kazi kliniki tunazijua kuliko Zaburi. Kuna mahali pa jina la mtoto, jina la mama, jina la baba. Tukifika kwenye jina la baba, wako akina mama wanaotaja upesi, wako wanaotazama dirishani kwanza. Na wako wanaorudi baada ya mwaka mmoja au miwili, kadi mkononi, wakatuomba tulifute jina. Tumekwisha kuombwa hivyo mara nyingi. Wengine hawaombi, hulikwaruza wenyewe kwa wembe au kwa kalamu nyeusi mpaka karatasi inatoboka, kisha wanatuletea mtoto apimwe uzito, na sisi tunaandika kilo pembeni ya tundu.

Kadi ya dada haikukwaruzwa. Jina la baba lilikuwepo, limesomeka, miaka mitatu baada ya yule bwana kuondoka na siku zote za ugonjwa wake. Dada alikuwa na kalamu. Alikuwa na sababu. Hakulifuta.

Binti aliishika kadi ile muda mrefu. Aliufuata kwa kidole ule mstari wa uzito wake unavyopanda, mwezi baada ya mwezi, akasema, "Kwa hiyo alinibeba mpaka kliniki kila mwezi." Tulimwambia ndiyo, kwa miguu, na mara nyingine jua la huku lilivyo. Akanyamaza. Kisha akasema maneno ambayo kamati nzima, pamoja na wazee wake wote, haikuweza kuyafikiri:

"Basi mwandikeni kama baba. Lakini asinialikie watu. Wanaoalika ni ninyi."

Tulimwomba arudie. Ndipo tulipoona kwamba tangu mwanzo tulikuwa tunaigombania nafasi moja, na kumbe kwenye kadi ziko nafasi mbili. Ile ya juu ni ya mwenye shughuli: nani anawaita watu, nani atawapokea, nani ataulizwa wali ukipungua. Ile ya chini ni ya nasaba: huyu anayeolewa ni mtoto wa nani. Kwa watu wengi nafasi hizo mbili hukaliwa na mtu mmoja, ndiyo maana hawazioni. Kwetu zilikuwa na watu tofauti, na tulikuwa tumezisukuma zote kwenye mstari mmoja.

Kadi ikawa hivi. Familia ya Bwana na Bibi fulani wa Bendera, kwa niaba ya ukoo mzima, inayo furaha kukualika, halafu nafasi ya kuandika jina la mgeni, katika ndoa ya binti yao mpendwa fulani, mtoto wa Bwana fulani na marehemu Bibi fulani, atakayefunga ndoa na kijana fulani, mtoto wa Bwana na Bibi fulani wa Maore. Kisha kanisa, siku, saa, mahali pa chakula. Chini, badala ya zile herufi nne za Kifaransa ambazo watu huziweka bila kujua maana yake, tuliandika "Majibu kwa", na namba mbili za simu.

Mwalimu wetu ndiye aliyempigia simu baba mzazi. Tulitaka kutuma ujumbe, akakataa, akasema jambo kama hili mtu husikia sauti. Alimsomea kadi yote polepole, neno kwa neno, kama anavyowasomea watoto imla. Upande wa pili palikuwa kimya hata tukadhani simu imekatika. Kisha yule bwana akauliza, "Na marehemu mmemwandika?" Akaambiwa, "Tumemwandika." Akasema, "Haya." Hakusema neno jingine, wala hakuomba msamaha, na tusiwadanganye wasomaji kwamba tuliutegemea.

Kutoka hapo mambo yalikwenda haraka, isipokuwa kwa mchapaji. Nakala ya kwanza tuliyoletewa kusahihisha ilisema "Jumamosi tarehe 15". Mchapaji alizoea, kwake kila harusi ni Jumamosi. Kama mmoja wetu asingefungua kalenda, ndugu wa Mamba wangekuwa na sababu ya kutulaumu mpaka wajukuu. Tunawasihi akina mama, kadi ikitoka kwa mchapaji ishikeni na kalenda mkononi, na mwombeni mtu asiyehusika na harusi aisome kwa sauti. Saa nayo iandikwe kwa Kiswahili, "saa 8 mchana", maana tumewahi kuona kadi yenye saa 2 ya kizungu na nusu ya wageni wakafika asubuhi wakakuta uwanja unafagiliwa.

Kosa letu wenyewe lilitokea kwenye kuandika majina ya wageni. Tulipiga chapa kadi 200 za karatasi kwa ajili ya wazee na wote waliochangia, na nyingine tukatuma kwa simu kama ilivyo desturi siku hizi. Tulikaa mezani jioni mbili tukiandika, Mch., Mwl., Alhaji, Mzee, Bw. na Bi. Mkono ukizoea "Bw. na Bi." unajiendea wenyewe. Mama mmoja jirani yetu, ambaye mumewe tulimzika mwezi wa Aprili, alipelekewa kadi yenye jina lake na la marehemu, kama kwamba wote wawili wangekuja. Kijana aliyepeleka alirudi akasema mama ameipokea, ameisoma, akakaa chini kwenye kizingiti. Tulikwenda usiku huo huo kwa miguu kuomba radhi. Alitupokea vizuri. Akatuambia hataki kadi nyingine, hiyo hiyo inamtosha, kwa sababu ni mara ya kwanza tangu msiba mtu kuyaandika majina yao pamoja. Hatukujua la kusema. Tulikunywa chai, tukarudi.

Sasa likabaki swali ambalo hakuna kitabu cha adabu kitakachokujibu: je, baba wa bibi arusi huandikiwa kadi? Tulimuuliza Mama Mzee. Akasema baba haalikwi kwenye harusi ya mwanawe, akialikwa amekuwa mgeni. Tukaona ni kweli, hatukumpelekea kadi. Tulimtumia nauli na kumwambia siku.

Alikuja kwa basi Jumapili yenyewe, akachelewa, ibada ilikuwa imekwisha kuanza. Alikaa nyuma kabisa kanisani. Baadhi yetu tulimwona, wengine hatukumwona. Ndoa ikafungwa, vigelegele, picha, vumbi, watu wakaelekea mahali pa chakula. Na pale mlangoni kamati ilikuwa imeweka vijana wawili wa kwaya, kwa sababu kwenye kadi tulikuwa tumechapa "Tafadhali njoo na kadi hii". Vijana wale ni wa Bendera, wamezaliwa baada ya yeye kuondoka. Walimwomba kadi. Akasema hana. Walimwambia kwa heshima, mzee, subiri pembeni kidogo mpaka wenye kadi waingie. Naye hakujitaja. Alikwenda akasimama chini ya mwarobaini, na kofia yake mkononi.

Sisi tulikuwa ndani tunahangaika na viti. Haya tulisimuliwa na wale vijana baadaye, wakiwa wameona haya sana.

Mama Mzee alikuwa amechelewa kwa sababu ya miguu yake. Alipofika mlangoni alimwona yule bwana pale mtini. Hawakuwa wameonana tangu mwaka 2003. Aliuliza kwa nini amesimama nje, vijana wakamweleza habari ya kadi. Mama Mzee hajui kusoma. Lakini siku tulipomletea kadi yake alimwita mjukuu amwonyeshe jina la mwanawe liko wapi, na mahali hapo akapakunja kidogo ili asipasahau. Alifungua pindo la kanga, akaitoa kadi, akaweka kidole kwenye mkunjo.

"Hapa pameandikwa nani?"

Kijana akasoma jina la marehemu.

"Na aliye kabla yake?"

Akasoma.

"Ndiye yule," akasema Mama Mzee, akaenda mwenyewe mpaka mtini, akamshika mkono, wakaingia pamoja kwa kadi moja.